Kabla ya Ukumbi, Uliza Msala: Kwa Bi Harusi Anayehamia Karatu



Julai moja tulivuka bahari na kupanda mabasi kumsindikiza mwenzetu aliyeolewa Karatu. Mume wake ni kijana wa kheri, dereva wa watalii, kila siku yuko njiani kwenda bonde la Ngorongoro. Kajenga kwa jasho lake nyumba ya matofali ya kuchoma, na mama yake na baba yake anakaa nao. Tulipofika tuliingizwa vyumba vyote, na mwisho tukaonyeshwa bafu. Marumaru nyeupe zinazong'aa kutoka sakafuni mpaka darini, na mstari wa dhahabu katikati ya ukuta. Tulipiga vigelegele kama kawaida yetu.

Asubuhi ya pili ndipo tulipoanza kuliona lile bafu kwa macho mengine. Mlango wake unafungukia sebuleni, na sebuleni baba mkwe hukaa na redio yake tangu kabla ya alfajiri. Choo kimeelekea kaskazini moja kwa moja. Maji ya kuoga hayakimbilii kwenye tundu, yanajikusanya mlangoni. Mama mkwe, mtu mzima, akiingia anashika ukuta kwa mikono miwili kwa kuogopa kuteleza. Siku ya tatu bi harusi wetu alituita pembeni akatwambia kwa sauti ya chini: "Mimi naona haya kupita mbele ya baba na ndoo yangu ya maji ya moto alfajiri. Nasubiri mpaka atoke." Na akisubiri, Alfajiri inapita.

Hapo hatukupiga vigelegele tena.

Mume hakukusudia baya. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakujua la kuuliza. Na sisi wa upande wa mke, tuliokaa vikao miezi mitatu kuchagua rangi ya ukumbi, hatukuuliza hata mara moja: huyu mtoto wetu ataogea wapi? Kwa hiyo leo tunasema wazi maoni yetu. Bi harusi ana haki ya kuuliza habari ya bafu na choo kabla ya ndoa, na familia yake ina wajibu wa kumsaidia kuuliza. Hilo lije kabla ya ukumbi, kabla ya keki, kabla ya mpiga picha.

Kuuliza si utovu wa adabu

Tunajua mtakavyosema. "Mwanamume ndiye anayejenga, mwanamke anaingia tu." "Ukianza kudai choo, watakuona mjuvi."

Tukumbuke tulikotoka. Hapa kwetu Unguja, mwaka 1850, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi kwa ajili ya mkewe Shehrzad, aliyekuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Waliofika pale wameona maua na ndege waliochongwa kwenye chokaa ya kuta. Bibi yule alitoka mbali, akakuta mumewe amemjengea mahali pa kuogea panapofanana na kwao. Hakuna aliyesema Sultani kapungukiwa heshima. Na mabibi zetu wa mwambao, katika majumba ya mawe ya Lamu, walikuwa na birika la maji ndani ya msala, na chini yake bakuli la kauri ambamo samaki wadogo waliishi wakila viluwiluwi vya mbu. Msala ulifikiriwa tangu nyumba inapopimwa.

Na huko huko anakokwenda bi harusi, juu Ngorongoro, kwa Wamaasai mwanamke ndiye anayejenga nyumba kwa mikono yake. Anajua mlango uelekee wapi na moto ukae wapi. Sasa sisi tuliosoma, tunaojua fiqhi ya twahara, tuingie nyumba kama wageni?

Ama haya, ni katika imani, lakini haya haikuwazuia wanawake wema kuuliza mambo ya josho. Ummu Sulaym alimuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, waziwazi kuhusu mwanamke na janaba. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kama wao waliuliza josho lenyewe, wewe huwezi kuuliza mlango wa bafu?

Kwanza mlango, halafu marumaru

Wengi wetu tukisikia "bafu" tunakimbilia rangi. Rangi ni ya mwisho. La kwanza ni njia ya kufika. Chukua karatasi, chora chumba chako cha kulala, chora bafu, kisha jiulize: nikitoka kitandani saa kumi na moja alfajiri, nitapita mbele ya nani?

Mkiweza, bafu la mume na mke liwe na mlango wake chumbani. Kama bafu ni moja kwa nyumba nzima, mlango ufungukie ukumbini, usifungukie sebuleni wala jikoni, na ukifunguka usimwonyeshe aliye ndani. Kuhamisha mlango kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kuuhamisha baada ya marumaru ni nyundo, vumbi na machozi.

La pili ni kutenganisha. Kama nafasi ipo, choo kiwe chumba chake na bafu chumba chake, hata kama kila kimoja ni kidogo. Kama haipo, basi karo la kunawia litoke nje, kwenye ukumbi mdogo. Hili si pambo. Ukitaka kutawadha unataka kusema bismillah, na ndani ya choo jina la Allah halitajwi kwa ulimi. Karo likiwa nje, unatawadha kwa utulivu, unasema dhikri yako, na mwingine anaweza kutumia choo wakati huo huo. Nyumba ya watu sita wenye choo na karo pamoja, mshike mshike wa Alfajiri mnaujua.

Chini ya karo hilo wekeni koki ya pili fupi, na kibao cha kukalia. Mama mkwe mwenye magoti mabaya hawezi kunyanyua mguu mpaka kwenye sinki. Mkimwekea kile kibao, atakuombeeni dua kila sala.

Qibla si kama kwetu

Sisi wa Unguja tumezoea kwamba Qibla ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Karatu iko magharibi zaidi, kwa hiyo Qibla inainama kidogo kuelekea mashariki, kama digrii 9 kutoka kaskazini. Kwa mswala tofauti hiyo ina maana. Kwa choo, kanuni inabaki nyepesi: anayekaa aelekee mashariki au magharibi, asielekee kaskazini wala kusini.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, ndani ya jengo lenye kuta si haramu kuelekea Qibla, kwa sababu ya yale aliyoyaona Ibn Umar. Lakini kujiepusha ni bora. Sahaba Abu Ayyub alipofika Sham na wenzake wakakuta vyoo vimejengwa kuelekea Qibla, walikuwa wakijigeuza na kumwomba Allah msamaha. Wao walikuta vimeshajengwa na watu wengine. Wewe unayejenga leo una udhuru gani, na simu yako ina dira? Simama kwenye kiwanja na fundi kabla bomba la majitaka halijalazwa. Bomba likishalazwa, choo kinafuata bomba.

Na shatafu iwekwe upande wa kulia wa anayekaa, maana mkono wa kulia ndio unaoshika maji na wa kushoto ndio unaotamba. Ni jambo dogo, lakini nyumba ngapi tumeingia shatafu iko mgongoni?

Maji ni ghali, na ni baridi

Karatu iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro unafika kama mita 2,300. Mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu unashuka asubuhi na maji ya bomba yanauma vidole. Bi harusi aliyezoea kujimwagia kopo la maji ya pipa lililopigwa jua la Unguja, atashtuka.

Tena maji yenyewe si ya kuchezea. Wengi hutegemea visima virefu na maji ya mgao, na kiangazi ndoo huhesabiwa. Hapa dini yetu ilishatutangulia. Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja kile kiitwacho mudi, ambacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja ya swaa, kama lita 3, mpaka mudi tano. Sisi tunafungua bomba la mvua na kusimama chini yake tukiwaza mambo ya dunia.

Kwa hiyo panga bafu la maji machache. Acha nafasi ya pipa au ndoo kubwa yenye mfuniko na kata yake, hata kama bomba la mvua lipo. Tengeneza gata kwenye paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 likipigwa na mvua ya milimita 20 linakusanya lita 1,600, ukitoa kidogo kinachopotea. Tangi likae juu, na bomba la kutoka kwenye tangi lije moja kwa moja bafuni.

Na baridi ina rukhsa zake. Ukivaa khofu za ngozi baada ya kutawadha, mkaazi anapaka juu yake usiku na mchana mmoja. Kuchemsha maji hakupunguzi thawabu yako, msijitese bure.

Marumaru: kavu inang'aa, mbichi inaua

Sasa tuje kwenye marumaru zenyewe. Dukani wanakuonyesha ikiwa kavu, chini ya taa. Wewe omba maji, imwagie, kisha ipitishie kidole au unyayo. Ikiteleza, hiyo ni ya ukutani. Nyingi zina alama ya ukinzani wa kuteleza, herufi R na namba: R9 ni laini, R10 na R11 ndizo za kuulizia kwa sakafu ya bafu. Kwa sakafu chukua poseleni, ambayo hainywi maji. Seramiki nyepesi inatosha ukutani.

Tunashauri sakafuni ziwe ndogo, sentimita 30 kwa 30 au chini ya hapo. Sababu ni mbili. Vipande vidogo vinamruhusu fundi kuinamisha sakafu kuelekea tundu la maji, na mistari mingi ya grauti inaushika mguu. Zile kubwa za 60 kwa 60 zipelekeni sebuleni. Ukutani 30 kwa 60 zinapendeza na kazi ni ya haraka.

Rangi? Udongo wa Karatu ni mwekundu, na kiangazi vumbi linaingia kila mahali. Sakafu nyeupe itakufanya mtumwa wa dekio. Nyeusi nayo inaficha uchafu, na sisi tunataka kuiona najisi ili tuitoe. Chagua ya katikati, kijivu au rangi ya mchanga, isiyo na maua mengi. Na kama maji yenu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika la chai, yataacha ukoko huo huo kwenye marumaru za kung'aa, hasa za rangi nzito.

Hesabu usiachie fundi peke yake. Mfano: bafu la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni mita za mraba 3.6, sawa na vipande 40 vya 30 kwa 30. Kuta: mzunguko ni mita 7.8, ukipandisha mpaka mita 2.1 unapata 16.38. Toa mlango wa 0.8 kwa 2.1, unabaki na 14.7, yaani vipande 82 vya 30 kwa 60. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika: sakafu 44, ukuta 90. Na kiporo kinachobaki kisigawiwe jirani. Kiwekwe, maana mwaka ujao rangi ile ile dukani huenda isipatikane.

Kabla ya marumaru, sakafu na sehemu ya chini ya ukuta vipakwe dawa ya kuzuia maji. Kisha tundu lizibwe, sakafu ijazwe maji, iachwe siku nzima. Yakipungua bila sababu, kuna mahali yanapenya. Mteremko uwe kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na sakafu ya bafu iwe chini kidogo ya sakafu ya ukumbi. Kabla grauti haijawekwa, mwaga ndoo moja na utazame. Maji yakituama, fundi angali yupo na hujamaliza kumlipa. Gonga kila kipande kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu hakina gundi ya kutosha chini yake, na siku moja kitapasuka.

Mtasema hayo ni ya mafundi. Sawa, lakini maji yaliyotuama bafuni yanatugusa kwenye sala. Tumekatazwa kukojoa mahali pa kuogea, kwani wasiwasi mwingi unatokana na hapo. Sakafu isiyotoa maji inamfanya mtu asijue kama nguo yake imerukiwa na safi au najisi. Wangapi wetu tunarudia udhu mara tatu, na ugonjwa wenyewe uko kwenye mteremko wa sakafu?

Hita, na chetezo tulichobeba kutoka nyumbani

Hapa tunawaomba msome polepole. Kwa baridi ya kule, watu hufunga dirisha la bafu kabisa. Hita ya gesi ikiwekwa ndani ya bafu lililofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anaweza kulala asiamke. Iwekwe nje ya bafu, ukutani penye upepo, na maji ya moto yaingie kwa bomba. Hita ya umeme ya juu ya kichwa iwe na waya wa ethi uliofungwa na fundi umeme anayejua, na swichi yake ikae nje. Hita ya jua juu ya paa ni gharama mwanzoni, lakini kwa jua la Karatu inajilipa.

Na sisi tuna desturi yetu: bi harusi akioga, chetezo cha udi. Kwetu madirisha yako wazi, upepo wa bahari unapita. Kule, makaa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa ni hatari ile ile ya gesi. Jifukize ukumbini, dirisha likiwa wazi. Kamwe usiingize jiko la mkaa bafuni kupasha joto. Dirisha dogo la juu karibu na dari liachwe daima lenye kupitisha hewa. Linatoa mvuke na ukungu wa ukutani, na hakuna anayechungulia.

"Basi ni israfu"

Wengine watasema tunawafundisha mabinti kudai makuu. Hapana. Mlango unaofungukia mahali sahihi hauna bei kubwa kuliko unaofungukia mahali kosa. Choo kinachoelekea mashariki hakigharimu zaidi ya kinachoelekea kaskazini. Marumaru isiyoteleza mara nyingi ni rahisi kuliko ile ya mstari wa dhahabu. Israfu tumeiona kwingine, kwenye ukumbi wa usiku mmoja.

Katika Suratut-Talaq Allah anaamrisha hata mwanamke aliyeachwa akiwa edani akalishwe anapokaa mume, kwa kadiri ya uwezo wa mume, bila kudhikishwa. Wanavyuoni wakasema: kama huyo ana haki hiyo, mke aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi. Tuzingatie yale maneno, kwa kadiri ya uwezo. Mume mwenye uwezo wa choo cha kuchuchumaa na ndoo, akikupa safi, chenye stara na maji, amekupa haki yako. Usimlilie sinki la kioo.

Na muulize kwa uzuri. Usipeleke orodha kupitia shangazi mkali. Mwambie mchumba wako, mbele ya walii wako: "Nataka tukae vizuri na wazazi wako, na sala yangu isinipite. Tutazame ramani pamoja?" Mwanamume mwema atafurahi kwamba anaoa mtu anayefikiria miaka thelathini ya ndoa.

Bi harusi wetu, alhamdulillah, alizungumza na mumewe baada ya sisi kuondoka. Alitahayari, kisha akamwita fundi. Wamekata mlango mdogo kutoka chumbani, na ule wa sebuleni wamebakisha kwa wazee. Sakafu ile ya kuteleza wameifunika mikeka ya mpira wakisubiri fedha za kuibomoa. Choo bado kimeelekea kaskazini, na kila akikaa anajigeuza kidogo na kuomba msamaha, kama Abu Ayyub. Lakini sasa anaoga kwa wakati, na Alfajiri anaisali kwa wakati wake.

Aliyetuma ujumbe wa mwisho ni mama mkwe. Anauliza kile kibao cha kukalia wakati wa kutawadha tulichomwambia, kinapigwa urefu gani. Tumemjibu: apime mwenyewe, akae kwenye kiti, magoti yakikaa vizuri, hapo hapo.

Allah awape bi harusi wetu nyumba zenye stara, maji yenye baraka, na sala zisizopitwa na wakati. Aamin.